Tulienda kisiwani Kilwa kutafuta senta wa timu, wakatupokea kama wakwe

Wakuu, salamu kutoka huku Nchelenge, Zambia, ukingoni mwa ziwa Mweru.

Nimesoma nyuzi zenu zote za matarajio ya timu za vyuo msimu huu. Nani kamchukua nani, nani ana warefu, nani kabaki na wafupi. Naona watu wanaongea usajili kama ni kazi ya kupiga simu mbili na kutuma picha.

Basi leo niwaeleze sisi tulifanyaje. Sitaongeza chumvi. Shahidi wangu ni mama mmoja ambaye akiona nimedanganya hapa atanifuata mpaka kibandani kwangu na sandali mkononi.

Mutanivumilia na Kiswahili changu. Ni cha Katanga, na sasa kimekunywa maji ya Kibemba.

Mimi ni mutu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Tulivuka na mama yangu wakati wa vita, tukakaa kambini, baadaye nikapata ruhusa ya kufanya biashara mjini. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuuza kava karibu na soko. Nyuma ya soko kuna chuo cha ualimu, na chuo kina uwanja wa basketi wa saruji.

Hapo ndipo nilipopotea.

Timu ya wasichana ya chuo chetu, wakuu, naipenda kuliko inavyostahili kupendwa. Msimu uliopita tulifungwa na kila mutu. Tulifungwa hata na timu iliyofika na wachezaji wanne, wa tano wakamuazima kwetu.

Senta wetu ndiye alikuwa nguzo, na amemaliza masomo, anafundisha huko Kaputa. Aliyebaki kuwa mrefu zaidi ananifika mimi begani. Na mimi si mrefu.

Juu ya hayo, mkuu wa chuo alikuwa ameanza kusema uwanja ule ungefaa kuwa maegesho ya magari ya walimu. Chuo kina magari matatu, moja halina injini. Lakini mkuu ni mkuu.

Basi kila jioni tulikuwa tunajadili matarajio kibandani kwangu. Kamati ya mashabiki ni watu watatu.

Mwenyekiti ni Ba Mulenga, fundi wa kuchomelea, Mzambia wa hapahapa. Goli zote mbili kazichomelea yeye, na moja imeinama kidogo lakini hataki kusikia.

Wa pili ni Mama Fifi, Mkongomani mwenzangu, anauza salaula, nguo za mitumba. Alicheza basketi Lubumbashi alipokuwa msichana. Akiongea mpira, nanyamaza.

Wa tatu ni mimi, katibu, kwa sababu simu zote zinachajiwa kwangu.

Siku moja mchuuzi wa samaki, mteja wangu, akasema kule Kilwa, kisiwa cha ndani ya ziwa letu hili, kuna msichana anaitwa Chola. Amemaliza darasa la kumi na mbili, yuko tu nyumbani. Familia yake inaanika samaki juu ya paa la jiko, na yeye ndiye anayewageuza.

"Anapanda ngazi?" Mama Fifi akauliza.

"Ngazi ya nini? Anasimama chini."

Wakuu! Ba Mulenga alivua kofia.

Tulimjadili yule msichana siku kadhaa kama vile tumemuona. Mimi nikasema ni senta. Mama Fifi akasema tungoje kwanza kuona miguu, urefu bila miguu ni mlingoti. Ba Mulenga akasema kama ana mikono miwili inatosha.

Kisha tukasikia chuo kimoja cha Mansa nacho kimepata habari zake. Hapo mjadala ukaisha. Nafasi za kuingia chuoni zilikuwa bado zipo, kocha akakubali kumwombea, lakini yeye alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Akatutuma sisi. Akatupa na mupira mzuri wa timu, ule mmoja tu wa ngozi, tukamuonyeshe msichana kwamba sisi ni watu wa maana.

Sasa muangalie jinsi tulivyojichongea wenyewe.

Mama Fifi alisema hatuwezi kwenda kwa watu kuomba mutoto wao tumevaa kama wabeba mizigo. Akanitolea suti kwenye salaula yake. Suti ya kijivu, nzuri, mikono tu ndiyo ilinifika kwenye kucha. Yeye akavaa kitenge kipya na kilemba. Ba Mulenga akavaa tai.

Halafu mupira. Ba Mulenga akasema maji ya ziwa yataharibu ngozi. Mama Fifi akaufunga kwenye kitenge kipya, akauweka ndani ya beseni la maua, akafunika na sahani juu. Na kwa kuwa huendi kwa watu mikono mitupu, tukabeba sukari na mikate.

Wenye kujua mila za huku mumeshaanza kucheka. Sisi hatukucheka. Sisi tulikuwa tunaenda kusajili.

Kwenye boti watu walikuwa wanatuangalia na kutabasamu. Mama mmoja akauliza tunaenda kwa nani. Nikamtajia nyumba ya kina Chola. Yule mama akapiga vigelegele, na boti nzima ikapiga makofi.

Nikamnong'oneza Mama Fifi: "Unaona? Kumbe timu yetu iko na mashabiki mpaka huku."

"Sikujua," akasema, naye akapunga mkono.

Ba Mulenga hakusikia chochote. Toka tulipoondoka bandarini alikuwa ameinamia maji, anatapika. Mutu amezaliwa kando ya ziwa, na boti haiwezi! Tulipofika Kilwa akashuka, akalala chini ya kivuli cha nyavu, akasema tutangulie, yeye atakuja dunia ikisimama.

Na yeye ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Kibemba changu mimi ni cha sokoni, kinaishia kwenye "shinga?", bei gani, na "bwekeshapo panono", rudia kidogo. Cha Mama Fifi ni hichohicho.

Tukafika. Yule mama wa boti alikuwa ametutangulia na habari.

Wakatupokea vizuri mno. Mkeka ulishatandikwa. Bibi mzee, nyanya yake Chola, ambaye wote walimuita Banakulu, alikaa mbele. Kando yake mjomba mtu, Ba Kapembwa. Nikasikia kuku wanakimbizwa nyuma ya nyumba, kisha nikasikia hawakimbizwi tena. Watu wakawa wanazidi kuja, wanakaa, wanatuangalia miguu na kichwa.

Chola mwenyewe hayupo. Yuko ziwani, wakasema.

Mama Fifi akapiga magoti, akaliweka beseni mbele ya Banakulu. Wanawake wakaguna kwa furaha.

Ba Kapembwa alikuwa amefanya biashara ya samaki Pweto miaka mingi, na alitaka watu wake waone kwamba anajua Kiswahili. Laiti angekataa.

"Bon," akasema. "Mumekuya. Mumekuya juu ya nini?"

Nikasimama, nikavuta mikono ya suti. "Papa, tumekuya juu ya mutoto wenu Chola. Tulisikia sifa yake mpaka Nchelenge. Tunamutaka."

Akatafsiri. Watu wakaitikia.

"Ulimuonaka wapi?"

"Hatuyamuona, papa. Tulisikia tu ule urefu wake."

"Urefu?"

"Ndiyo. Sisi hatuangalie sura. Tunatafuta paka urefu tu. Mengine atafundishwa kulekule."

Ba Kapembwa akamwangalia Banakulu. Akatafsiri polepole. Banakulu akauliza kitu.

"Anauliza, mutoto atakaa wapi?"

"Atalala na wasichana wenzake. Beko kumi na mbili."

Hii aliitafsiri kwa sauti ya chini sana.

Mimi nikaona wana wasiwasi mutoto atakosa nafasi, nikawatuliza. "Lakini papa, musiogope. Kwa kawaida wanaingia paka watano tu. Wengine wanakaa kwenye benchi, wanangoya mumoya achoke. Ule mukubwa wao anaita mwingine."

"Mukubwa wao ni nani?"

"Kocha. Yeye ndiye anaamua nani aingie na nani atoke."

"Na wewe?" Sasa alikuwa amesimama. "Wewe mwenye suti, wewe unafanyaka nini?"

"Mimi? Mimi niko shabiki, papa. Mimi naangalia."

"UNAANGALIA?"

Mama Fifi akaona ninazama, akaja kunisaidia. "Anaangalia vizuri sana, papa. Anapiga na kelele mpaka sauti inakauka."

Wakuu, mama mmoja alimshika binti yake mdogo, akamwingiza ndani ya nyumba.

Ba Kapembwa akanyoosha kidole kwenye beseni. Banakulu akatoa sahani. Akafungua kitenge, fundo moja, fundo la pili. Shingo zote zikavutwa.

Mupira ukatokea. Rangi ya machungwa, mviringo, umekaa katikati ya beseni la maua kama boga.

"Ici cinshi?" Banakulu akauliza. Hiki ni nini?

Ba Kapembwa akaugusa mupira kwa ncha ya fimbo yake.

Na hapo ndipo Chola akafika. Ndoo kichwani. Ilibidi aiteremshe mapema kabisa ili apite chini ya paa la baraza, na bado akainama. Mimi, katikati ya aibu ile yote, moyo wangu wa shabiki uliruka. Nilitaka kumgeukia mutu nimwambie: senta, huyo!

Akatuangalia. Akaangalia mupira. Akasikiliza mjomba akimweleza kwa hasira, mikono hewani. Akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama tumetoka chuo fulani cha Nchelenge.

Nikasema ndiyo.

Yule msichana alicheka mpaka akakaa chini, na hata alipokaa alikuwa bado mrefu. Akawaeleza kwa Kibemba. Nilijua amefika wapi kwa kuangalia nyuso. Kwanza vijana wakacheka. Kisha wamama. Banakulu alikuwa anafuta machozi kwa kile kitenge.

Ba Kapembwa hakucheka.

"Nilikata kuku mbili," akasema. "Kuku mbili, ya mupira?"

"Tusamehe, papa."

"Nilibaitia batu ya kule mwisho wa kisiwa! Niseme nini? Niseme bakwe bamekuya na mupira?"

Hapo alikuwa na haki. Lakini kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Akakaa chini, akasema kwa sauti nyingine:

"Mutu anakuya kuoa, mimi najua wa kuuliza. Mutoto akigonjwa, najua mulango wa kugonga. Ninyi munataka kumubeba bure, bila bukwe. Kule Nchelenge, nani atajibu juu yake?"

Nilifungua mdomo niseme chuo. Mama Fifi akanigusa mguu, ninyamaze.

Akasogea kwa magoti mpaka mbele ya Ba Kapembwa.

"Mimi," akasema. "Nyumba yangu iko karibu na chuo. Mimi pia nilikuwa musichana kama yeye, papa. Kule Lubumbashi nilichezaka, nilikuwa na timu, nilikuwa na jina mugongoni. Kisha nikarudi kwetu kuzika baba, vita ikanikuta kule, nikavuka maji na mutoto mugongoni. Sikurudi tena. Hakuna mutu aliyeniuliza kama ningali na hamu ya kucheza. Huyu mutoto akigonjwa, mugonge kwangu. Akilia, mugonge kwangu. Na kama hataki kucheza, asome tu. Nitajibu."

Nilikuwa nimemfahamu Mama Fifi miaka mingi. Ile habari ya jina mgongoni sikuwa nimewahi kuisikia.

Ba Kapembwa akamgeukia Chola. Hakumuuliza kwa Kiswahili, lakini jibu lake nililielewa. Alisema anataka kwenda. Alilisema mara moja tu, amesimama wima, kichwa kinagusa nyasi za paa.

"Alors," mjomba akasema. "Kula kwanza kuku."

Tukala bukari, ugali wetu wa huku, na kuku, wakuu, na wote waliokuja kuona mukwe wakala pia.

Wakati wa kuaga nikanyoosha mkono nichukue mupira. Banakulu akauvuta tumboni kwake. Chola akatafsiri: kitu kilichofika chini ya sahani kama posa, kikafunguliwa mbele ya watu, hakirudi. Mupira utakuja Nchelenge siku msichana atakapokuja.

Kwa hiyo timu yetu ilifanya mazoezi kwa mupira wa voliboli mpaka chuo kilipofunguliwa. Kocha hakunisalimia muda wote huo.

Ba Mulenga tulimkuta palepale kwenye nyavu. "Walikubali?" akauliza. Nikamwambia walikubali, mwenyekiti, ila walikuwa wanauliza bwana harusi ni nani. Akafikiri ni homa ya boti.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, maana najua humu kuna watu wamesubiri.

Chola alifika na mupira kwapani. Mazoezi ya kwanza tulikwenda kamati nzima. Akarushiwa pasi, akaidaka juu kabisa, mahali ambapo timu yetu haijawahi kufika.

Akasimama.

"Dunda!" kocha akasema.

Hakudunda. Alisimama kama mlingoti wa simu, mguu mmoja umeganda. Kumbe shuleni alicheza netiboli miaka yote! Netiboli ukidaka, hutembei. Nasi katika kumsajili hatukukumbuka kumuuliza swali hilo. Tuliuliza urefu tu.

Mama Fifi alimchukua kila jioni kwenye lami ya mbele ya ofisi za halmashauri, wakadunda huko. Siku ya mechi ya kwanza, na ilikuwa hao hao wa Mansa, alikuwa anaweza kudunda mara moja, mara mbili akiwa na bahati. Lakini tukagundua kitu. Akidaka anasimama, na wapinzani wote wanamsubiri adunde. Hadundi. Anainua tu mupira juu ya vichwa vyao na kuupiga wima kwenye pete, bila kuangalia ubao, kama netiboli.

Wakuu, tuliongoza! Sikumbuki lini tuliwahi kuongoza. Mkuu wa chuo aliyekuja na suti kuangalia dakika tano, nilimuona amesimama juu ya kiti.

Na ng'ambo ya uwanja walikuwa watu wa Kilwa, boti nzima, wamekuja kumuona mutoto wao. Walikuwa wanashangilia kila goli, hata ya Mansa, mpaka nikawapelekea maelezo.

Dakika ya mwisho, tumefungana. Beki wa Mansa akamsukuma Chola, akaanguka. Mwamuzi hakuona.

Ba Kapembwa aliona.

Akaingia uwanjani na fimbo yake. "Wewe! Musichana! Huyu mutoto iko na batu bake!"

Mwamuzi akapuliza filimbi. Kosa la ufundi, kwetu. Mansa wakapewa mtupo wa bure, wakafunga. Tukapoteza kwa pointi moja, tukiwa na senta bora katika historia ya chuo, kwa sababu ya mjomba.

Ba Mulenga alikaa chini kwenye saruji. Mimi nilikwenda kwa Ba Kapembwa. Nilikuwa na maneno, wakuu, nilikuwa nimeyapanga.

Nikamkuta na Chola, anampangusa vumbi kwenye kiwiko kwa kidole gumba. Chola anacheka na kulia pamoja.

"Wamesema tumeshindwa juu yangu mimi," Ba Kapembwa akaniambia.

"Ndiyo, papa." Yale maneno mengine yaliniisha.

Akaangalia uwanja. Wasichana walikuwa wanapiga picha na mashabiki, na mkuu wa chuo mwenyewe yuko katikati, anaonyesha kwa mikono jinsi ile pasi ilivyokwenda.

"Mwaka kesho batacheza tena?"

"Watacheza, papa."

Akakohoa. "Basi kuko mutu mumoya wa Kabuta alituma batu kuja kumuomba Chola, anataka kumuoa. Nitabaambia bangoye."

Hiyo ndiyo hali yetu, wakuu. Maegesho ya magari hayazungumzwi tena, juzi nimeona mistari ya uwanja imepakwa rangi upya. Matarajio ya msimu: tukipata mutu mmoja wa kudunda, tutasumbua watu. Tusipompata, tutasimama tu na kupiga.

Nilichojifunza: ukienda kwa watu kuomba mutoto wao, taja kazi katika sentensi ya kwanza kabisa, kabla hujakaa, kabla kuku hajakamatwa. Na uulize anachezaje, si urefu wake tu.

Uwanja ni wenu. Waliowahi kusajili mchezaji nyumbani kwao, mulipokelewaje? Na kuna anayejua njia ya haraka ya kumfundisha mchezaji wa netiboli kutembea na mupira? Mama Fifi anasoma humu, anasubiri majibu.